Mbao zenye dawa kwenye bustani za watoto: hatari iko wapi?

Huenda shule anayosoma mtoto wako ina bustani ya mboga, au wewe mwenyewe unapanga kumtengenezea tuta dogo nyuma ya nyumba ili ajifunze kupanda mchicha. Fundi anakuja na mbao za rangi ya kijani, anakuambia hizi zina dawa, haziliwi na mchwa, zitakaa miaka mingi. Bei ni nzuri, hasa kama ni mabaki ya ujenzi. Je, uzikubali?

Jibu letu fupi ni hili: kwa bustani ambayo watoto watachezea udongo na kula kinachoota humo, usizikubali. Lakini kama zimeshawekwa, usikimbilie kung'oa kila kitu, na usizipeleke jikoni kuwa kuni. Katika ukurasa huu tunaeleza sababu, na tunaonyesha ni wapi hatari ni ndogo kuliko watu wanavyodhani na ni wapi ni kubwa kuliko wanavyodhani.

Kwa nini tunalizungumzia sasa

Bustani za shule na za nyumbani zinaongezeka Afrika Mashariki, na ni jambo jema. Mwaka 2020 Kenya ilizindua kampeni ya bustani milioni moja za jikoni, na mwaka 2021 ikafufua vilabu vya 4-K shuleni, ambako watoto hujifunza kilimo kwa vitendo. Rwanda imehimiza bustani za jikoni kwa miaka mingi. Tanzania, shule nyingi zinalima mboga kwa ajili ya chakula cha mchana, na mashirika kama letu husaidia mbegu, matenki ya maji na vifaa.

Sababu ya juhudi hizi ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, utafiti wa mwaka huohuo ulionyesha asilimia 18. Mtoto anayepata mboga za majani, nyanya na matunda kila siku ana nafuu. Kwa hiyo tunaandika kuhusu mbao ili bustani ziendelee, ziwe salama. Hatutaki mtu yeyote aache kulima kwa hofu.

Wakati huohuo umeme umefika vijijini, na pamoja nao zimefika nguzo nyingi zilizotiwa dawa. Mbao za kenchi za madarasa na zahanati nazo mara nyingi huagizwa zikiwa na dawa. Kila ujenzi unapokwisha, vipande hubaki. Nguzo ya zamani inapobadilishwa, inakatwa na kugawanywa. Vipande hivyo havitupwi: vinakuwa uzio, benchi, kingo za bustani, na vilivyobaki kabisa vinaingia kwenye jiko la mafiga. Hapo ndipo dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nguzo inapokutana na mtoto.

Ndani ya ubao wa kijani kuna nini

Dawa inayotumika sana kwa nguzo katika nchi zetu inaitwa CCA. Ni mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki. Ilibuniwa India mwaka 1933 na mwanasayansi Sonti Kamesan, na ilisambaa duniani kwa sababu inafanya kazi vizuri sana. Shaba huua ukungu unaoozesha mbao, aseniki huua mchwa na wadudu wengine, na kromiamu huzishikilia hizo mbili ndani ya nyuzi za mti zisisombwe na mvua.

Kiwandani, mbao huingizwa kwenye tangi la chuma, hewa huvutwa nje, kisha dawa husukumwa ndani kwa presha. Baada ya hapo mbao zinapaswa kukaa siku kadhaa hadi wiki kadhaa ili dawa ishike. Zikiuzwa zikiwa bado mbichi, au zikiwa zimechovywa tu kwenye pipa bila presha, dawa nyingi hubaki juu juu na hutoka kwa urahisi mvua ya kwanza ikinyesha au mkono unapogusa.

Kiasi chake si kidogo. Ubao wa futi 12 wa mbili kwa sita, uliotiwa CCA kwa kiwango cha mbao zinazogusa ardhi, unaweza kubeba takriban gramu 27 za aseniki. Nyingi kati ya hizo hubaki ndani ya ubao kwa miaka. Lakini sehemu inayotoka, hata ikiwa ndogo, inatoka kila msimu, na inabaki kwenye udongo wa jirani kwa sababu aseniki haiozi wala haiyeyuki ikapotea.

Usidanganywe na rangi. Ule ukijani unatokana na shaba. Kuna dawa mpya zenye shaba bila aseniki, nazo zina rangi ya kijani vilevile. Na mbao za CCA zikipigwa jua miaka kadhaa hugeuka kijivu, zikafanana na ubao wowote mkuukuu. Kwa hiyo ukijani peke yake hauthibitishi kuwa kuna aseniki, na kutokuwepo kwake hakuthibitishi usalama.

Nchi nyingine ziliamua nini

Aseniki si sumu ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa kemikali kumi zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya umma. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani imeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeipata kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata mabadiliko ya ngozi, saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu. Kwa watoto, imehusishwa pia na kudhoofika kwa ukuaji wa akili.

Marekani ilikuwa imejaa mbao za CCA: kwenye bembea, sakafu za nje na kingo za bustani. Mwaka 2002 watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuzitengeneza kwa matumizi ya nyumbani, na makubaliano hayo yalianza kutekelezwa kikamilifu mwisho wa mwaka 2003. Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi vyake mwaka 2004. Australia ilifuata mwaka 2006, ikizuia CCA kwenye vifaa vya michezo ya watoto, meza za nje na fanicha za bustani.

Angalia vizuri nchi hizo ziliamua nini. Hazikupiga marufuku kila nguzo. Ziliruhusu CCA iendelee kwenye baadhi ya kazi, kama nguzo za umeme na za mashambani. Zilichokataa ni kuiweka mahali ambapo mtoto ataigusa kila siku. Mantiki hiyo inatufaa na sisi. Nguzo ya umeme iliyosimama kando ya barabara si tatizo kubwa kwa mwanao. Nguzo hiyohiyo ikipasuliwa na kuzungushiwa tuta lake la mchicha, mambo yanabadilika.

Kwetu, sehemu kubwa ya uamuzi huo imeachwa kwa fundi, mwalimu na mzazi. Ubao unaouzwa sokoni mara nyingi hauna maandishi yoyote yanayosema umetiwa dawa gani. Mnunuzi anaambiwa "ina dawa" kama sifa nzuri, na haambiwi zaidi.

Je, mboga zinanyonya sumu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na jibu lake lina nafuu kidogo.

Aseniki inayotoka kwenye ubao haisafiri mbali. Hung'ang'ania udongo, na kiasi kikubwa hukutwa sentimita chache kutoka kwenye ubao. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Connecticut, Marekani, walipima mwaka 1997 udongo uliokuwa chini ya sakafu za nje zilizojengwa kwa CCA. Walipata wastani wa miligramu 76 za aseniki kwa kilo ya udongo, wakati udongo wa jirani usioguswa na mbao hizo ulikuwa na takriban miligramu 4. Ongezeko hilo ni kubwa sana, lakini lilikuwa pale mbao zilipokuwa, halikuenea uwanja mzima.

Mimea mingi nayo hainyonyi aseniki kwa wingi, na ikizidi kwenye udongo, mmea wenyewe hudumaa. Nyanya, pilipili, bamia na maharage huipitisha kidogo sana kwenye tunda. Mboga za majani kama mchicha na sukumawiki, na mazao ya mizizi kama karoti na figili, ndizo za kuangaliwa zaidi. Hata hapo, sehemu kubwa ya tatizo ni udongo unaonata kwenye majani na kwenye ganda la mzizi. Kuosha vizuri kwa maji safi na kumenya karoti hupunguza sana.

Kwa hiyo kama umekula sukumawiki kutoka bustani yenye mbao hizi, usiogope kwamba umelishwa sumu. Hatari iliyo kubwa zaidi haipiti kwenye sufuria.

Mikono, vumbi na jivu

Njia ya kwanza ni mikono. Mtoto wa miaka mitatu hakai mbali na kingo za tuta. Anaegemea, anakalia, anachimba pembeni kwa vidole, kisha vidole vinaingia mdomoni. Mwaka 2003 wataalamu wa tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa walichunguza watoto wanaochezea vifaa vya mbao za CCA. Waliona kuwa njia kuu ya aseniki kuingia mwilini ilikuwa hii: masalia yanashika mkononi, na mkono unakwenda mdomoni. Mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo kiasi kilekile kinamlemea kuliko mtu mzima.

Njia ya pili ni vumbi la msumeno. Fundi akikata mbao hizi uwanjani, unga wake huanguka penye mchanga ambao watoto watachezea jioni. Unga huo una dawa ileile, na kwa kuwa umesagwa, hutoka kwa urahisi zaidi. Wakati mwingine unga wa mbao na maranda humwagwa bustanini kama matandazo, au kuwekwa kwenye banda la kuku. Usiruhusu hilo kwa mbao zenye dawa.

Njia ya tatu ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote, nayo ni moto. Ubao wa CCA ukiungua, sehemu ya aseniki inakwenda na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu, ikiwa imekolea kuliko ilivyokuwa kwenye ubao. Mwaka 1984 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari ya familia ya watu wanane katika kijiji cha jimbo la Wisconsin. Kwa miaka kadhaa waliugua kila majira ya baridi, na wazazi walinyonyoka nywele. Ikagundulika kuwa walikuwa wakichoma mabaki ya mbao za CCA kwenye jiko la ndani ili kupata joto.

Familia ile ilichoma mbao hizo majira ya baridi tu. Kwetu, jiko la kuni huwaka kila siku, mama anainamia moshi akiwa na mtoto mgongoni, na jivu lina kazi nyingi: linasugulia masufuria, linamwagwa shimoni chooni, linanyunyiziwa bustanini kama mbolea na kufukuza wadudu. Jivu la kuni za kawaida halina shida katika kazi hizo. Jivu la mbao zenye dawa lisiguse chakula, chombo wala bustani.

Mbao nyingine za kujihadhari nazo

CCA si peke yake. Kabla ya kukubali mbao za bure, angalia pia hizi:

- Mataruma ya reli na nguzo nyeusi zenye harufu kali. Hizi zimetiwa kreosoti, mafuta mazito yatokanayo na makaa ya mawe. Jua likiwaka hutoa majimaji yanayounguza ngozi, na kreosoti inahesabiwa kuwa huenda ikasababisha saratani.
- Mbao zilizopakwa oili chafu ya magari. Ni njia ya kienyeji ya kuzuia mchwa, na ni rahisi. Lakini oili iliyotumika ina metali na kemikali za injini, na huingia kwenye udongo moja kwa moja.
- Mbao zilizopakwa rangi zamani. Rangi za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.
- Mbao za palleti. Tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake ni kwamba mbao zilitibiwa kwa joto tu, na hizo zinafaa kama hazina madoa ya mafuta au kemikali. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu, ziache. Zisizo na muhuri huwezi kujua zilibeba nini.

Na ingawa si mbao, tuseme hili kwa sababu tunakutana nalo: vipande vya mabati ya zamani ya asbesto visitumike kabisa kuzungushia bustani. Vikivunjika hutoa nyuzi zinazoharibu mapafu.

Utumie nini badala yake

Bustani nzuri haihitaji mbao zenye dawa. Tuta la udongo lililoinuliwa kwa jembe, bila kingo yoyote, limelisha watu tangu zamani. Ukitaka kingo, mawe na matofali ya kuchoma au ya saruji hayaliwi na mchwa. Bustani ya gunia inatosha kwa familia isiyo na eneo, na mtoto anaweza kuitunza mwenyewe.

Ukipenda mbao, tumia mabanzi au mbao za kawaida zisizo na dawa, na ukubali kuwa utazibadilisha baada ya msimu michache. Ziweke juu ya mstari wa mawe zisiguse ardhi moja kwa moja, nazo zitadumu zaidi. Mianzi nayo inafaa. Ubao unaooza ukageuka mboji haumdhuru mtoto. Gharama yake ni kununua mwingine.

Kama bustani imeshajengwa kwa mbao za CCA

Huna haja ya kuifunga kesho. Fanya haya:

1. Panda mboga za majani na mizizi katikati, angalau sentimita 30 kutoka kwenye ubao. Pembeni panda nyanya, pilipili au maua.
2. Weka plastiki nene kati ya ubao na udongo, upande wa ndani tu. Chini acha wazi ili maji yapite.
3. Paka ubao rangi ya mafuta inayopenya ndani ya mbao, na urudie kila mwaka. Majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kuwa hii hupunguza dawa inayotoka. Usipige msasa kwanza, maana utatengeneza vumbi lenye sumu.
4. Watoto wasikalie kingo, na wanawe mikono kwa sabuni wakitoka bustanini, kabla ya kula. Hili ndilo rahisi kuliko yote na ndilo lenye faida kubwa.
5. Osha mboga, menya karoti na figili.
6. Ukiamua kuondoa mbao, toa pia udongo uliokuwa umegusana nazo na uweke mpya. Mbao zenyewe zinaweza kutumika kwenye uzio ulio mbali na watoto, chakula na maji ya mifugo. Zisichomwe.

Ukitaka uhakika, udongo unaweza kupimwa. Tanzania, uliza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeishi karibu na machimbo ya dhahabu kandokando ya Ziwa Victoria ana sababu ya ziada, kwa kuwa aseniki hupatikana pia kwenye miamba na maji ya baadhi ya maeneo hayo.

Mtoto akila jivu au unga wa mbao hizi, akatapika, akaumwa tumbo na kuharisha, mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe kipande cha ubao au jivu kidogo kwenye mfuko uliofungwa. Mweleze mhudumu kuwa ni mbao zenye dawa, maana bila kuambiwa atadhani ni tumbo la kawaida.

Nani abebe mzigo huu?

Tumekupa orodha ndefu ya kufanya, na tunajua si haki mzigo wote kumwangukia mzazi. Mzazi hawezi kupima ubao kwa macho. Mambo matatu yangebadilisha hali bila gharama kubwa.

Kwanza, kila ubao na nguzo iliyotiwa dawa iuzwe ikiwa na alama inayosema ni dawa gani, na onyo kwa Kiswahili kwamba haifai kwa kuni wala bustani ya chakula. Pili, mikataba ya ujenzi wa shule na ya kubadilisha nguzo iseme wazi nani anaondoa mabaki na anayapeleka wapi. Mabaki yakiachwa uwanjani, yatatumika. Tatu, sisi mashirika na wafadhili tunaojenga bustani za shule tuandike kwenye orodha ya manunuzi kwamba mbao zenye dawa haziruhusiwi kwenye matuta. Ni sentensi moja, na mara nyingi inasahaulika kwa sababu fremu nzuri za kijani hupendeza kwenye picha.

Kama uko kwenye kamati ya shule, uliza swali moja kwenye kikao kijacho: mbao za bustani yetu zilitoka wapi, na vipande vilivyobaki viko wapi? Kama jibu ni "jikoni", anzeni hapo. Vitoeni leo kabla hamjagusa tuta hata moja.